Kufungua na Kusikia: Ruta ya Kigeni katika Mitandao ya Simu ya Lubumbashi

Katika mtaa wa Golf mjini Lubumbashi, mzigo uliotumwa na ndugu aliye ng'ambo hufunguliwa mbele ya watu wengi. Chukuliwe mfano wa mzigo mmoja uliotoka Marekani. Ndani yake mna nguo, viatu vya watoto, na kisanduku kidogo cheusi ambacho kila mmoja anataka kukishika: ruta ya intaneti, yaani chombo kinachopokea mawimbi kutoka mnara wa simu na kuigawa intaneti kwa kompyuta na simu za nyumbani kwa njia ya Wi-Fi. Kimetumwa kwa ajili ya kijana anayeandika kazi yake ya kumalizia masomo ya chuo kikuu, ambaye hadi sasa hutegemea simu ya mama yake kila anapotaka kusoma makala ya kurasa thelathini. Ndugu aliyekituma amesema kwamba yeye mwenyewe alikitumia miaka miwili bila tatizo, na kwamba kinachobaki ni kukipeleka kwa fundi kikafunguliwe.

Fundi anakifungua kwa malipo. Kadi ya Kongo inapokewa. Kioo hakiandiki tena kwamba kadi ni batili. Hata hivyo intaneti haiji. Kijana anarudi kwa fundi, fundi anaapa kwamba amefungua, na kwa hakika amefungua. Kijana anadai fedha zake kwa sababu chombo hakifanyi kazi, na kwa hakika hakifanyi kazi. Wote wawili wanasema kweli, na ugomvi unaendelea.

Mfano huu umetungwa, lakini kila sehemu yake hutokea, na anayepoteza kwa kawaida ndiye mwenye fedha kidogo zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chanzo cha ugomvi huo ni cha kiufundi kwa upande mmoja na cha kilugha kwa upande mwingine. Kitenzi kimoja, kufungua, kinatumiwa kwa mambo mawili yasiyofanana: moja ni kufuli ambayo mtu aliifunga na mtu anaweza kuiondoa, la pili ni uwezo wa chombo wa kusikia masafa fulani ya mawimbi, ambao kwa kawaida hakuna aliyeufunga, na kwa hiyo hakuna awezaye kuufungua.

Kitenzi chenyewe

Wanafunzi wa sarufi wanakijua vizuri kitenzi hiki, maana ndicho mfano wa kwanza unaotolewa kila inapoelezwa kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, fumba, fumbua, choma, chomoa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi umbo linalosikika zaidi ni kufungula, lenye l ambayo Kiswahili cha pwani kiliidondosha. Wenye kusema Kibemba, ambao ni wengi mjini humo, wanayo jozi iliyojengwa kwa utaratibu huo huo: ukwisala ni kufunga, ukwisula ni kufungua.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba kauli hii hubeba dai juu ya wakati uliopita. Asemaye kwamba kitu kimefunguliwa amekwisha kukiri kwamba hapo kwanza kilifungwa. Macho yaliyofumbwa hufumbuliwa; macho ya sanamu hayafumbuliwi, hata akiitwa mganga gani. Kwa hiyo kila inaposemwa kwamba ruta inahitaji kufunguliwa, swali la kwanza la mwanaisimu, na pia la mnunuzi, liwe hili: ni nani aliyeifunga, na alifunga nini?

Kufuli ya mwenye mtandao

Kampuni nyingi za simu huuza ruta kwa bei ndogo kuliko gharama yake, au huitoa pamoja na mkataba wa mwaka mmoja au miwili, zikitumaini kurudisha fedha kwa malipo ya kila mwezi. Ili mteja asiondoke na chombo hicho kwenda kwa mshindani, kampuni huweka ndani yake amri ya kukataa kadi za wengine.

Amri hiyo hutegemea namba iliyomo ndani ya kadi ya simu. Namba ya kumtambulisha mteja, inayoitwa IMSI, huwa na tarakimu 15 kwa kawaida. Tarakimu 3 za mwanzo hutaja nchi: 630 ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, 645 ni Zambia, 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, na Marekani inazo kadhaa kuanzia 310. Tarakimu 2 au 3 zinazofuata hutaja mtandao ndani ya nchi hiyo. Kadi inapoingizwa, ruta husoma tarakimu hizo 5 au 6 na kuzilinganisha na orodha iliyoandikwa ndani yake. Zikiwamo, kazi inaendelea. Zisipokuwamo, ruta huomba namba ya kufungulia.

Hapa fungua ni fungua halisi. Kuna aliyefunga, kuna ufunguo, na ufunguo huo ukipatikana kufuli huondoka isirudi. Katika modemu nyingi za zamani za Huawei, namba ya kufungulia ilikokotolewa kutokana na IMEI, yaani namba ya tarakimu 15 inayotambulisha chombo chenyewe na ambayo katika ruta huandikwa chini ya kisanduku au nyuma ya betri. Ndiyo maana fundi mwenye kompyuta ndogo na programu iliyofaa aliweza kuifungua kwa dakika chache. Katika vyombo vya baadaye namba hiyo haikokotoleki kutokana na IMEI. Huhifadhiwa na kampuni iliyouza. Aidha, majaribio yana kikomo. Katika modemu za Huawei yaliwekwa kwa kawaida 10. Anayebahatisha hadi yakaisha huibakiza kufuli mahali pake, na mara hii hata namba sahihi haipokelewi. Fundi asemaye kwamba atajaribu tu aulizwe amebakiwa na majaribio mangapi.

Lililo jepesi zaidi ni kumwomba aliyefunga afungue mwenyewe, kabla mzigo haujatumwa. Sheria za nchi nyingi zinamsaidia mteja. Nchini Marekani sheria iliyotiwa sahihi tarehe 1 Agosti 2014 iliruhusu wateja kufungulisha simu zao ili wazitumie katika mitandao mingine. Nchini Kanada, tangu tarehe 1 Desemba 2017, simu mpya zatakiwa kuuzwa bila kufuli. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021, na Japani ilichukua hatua ya namna hiyo tangu Oktoba 2021. Kanuni hizi zimeandikwa hasa kwa ajili ya simu, na si kila kampuni huzitumia vivyo hivyo kwa ruta. Lakini mwenye mkataba aliyemaliza deni lake ana nafasi nzuri ya kusikilizwa akiwa huko huko, kwa lugha ya huko, kuliko jamaa yake akiwa Golf.

Iongezwe kwamba kufungua si kubadili IMEI. Wako mafundi wanaotoa huduma hiyo ya pili kana kwamba ni sehemu ya ya kwanza. IMEI ni kitambulisho cha chombo, na kukifuta kitambulisho ni jambo jingine kabisa; Uingereza ililifanya kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2002. Wakongomani wenyewe walijifunza uzito wa namba hiyo kati ya mwaka 2020 na 2022, ilipoanzishwa rejista ya vifaa vya mkononi iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, RAM, ambayo ada yake ilikatwa kwenye unite za wateja. Malalamiko yalikuwa makubwa, na ada hiyo ikaondolewa mwaka 2022.

Masikio ya chombo

Baada ya kufuli kuondoka hubaki suala la pili, ambalo ndilo lililomshinda kijana wa mfano wetu. Ruta na mnara huzungumza kwa mawimbi, na mawimbi hayo yamegawanywa katika vipande vya masafa vinavyoitwa bendi. Masafa hupimwa kwa megahezi. Wimbi la megahezi 1800 lina urefu wa sentimita 17 hivi. La megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi. Antena, vichujio na vikuza sauti vilivyomo ndani ya ruta hutengenezwa kwa kufuata bendi fulani, na kichujio kazi yake ni kuyazuia masafa mengine yote. Kwa hiyo ruta isiyotengenezewa bendi fulani haina budi kuitwa kiziwi mbele ya bendi hiyo. Hakuna namba ya siri inayoweza kumpa kiziwi wa namna hii masikio.

Kwa nini mataifa hayakukubaliana juu ya masafa mamoja? Historia ndiyo sababu. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) limeigawa dunia katika kanda tatu: kanda ya kwanza inashika Ulaya na Afrika, ya pili ni mabara ya Amerika, na ya tatu ni sehemu kubwa ya Asia pamoja na Australia. Ulaya ilipoanzisha simu za GSM ilizitengea megahezi 900 na baadaye 1800, na Afrika ikafuata. Marekani ilikuwa imekwisha kuanza na megahezi 850 mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 ikaongeza 1900. Kila teknolojia mpya ilipokuja ilipanda juu ya mgao uliokuwapo, kama nyumba ya ghorofa isiyoweza kuuacha msingi wake. Hata kizazi cha nne, kinachoitwa LTE na kilichoanza kutolewa na mitandao ya Kongo mwaka 2018, hakikuvunja mipaka hiyo. Katika kanda ya kwanza LTE hutumia zaidi megahezi 800, 1800 na 2600. Marekani hutumia zaidi 700, 850, 1900, na bendi ya namna ya pekee iitwayo 1700/2100.

Bendi hiyo ya mwisho yastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo inayowadanganya wanunuzi wengi. Kila bendi ya aina inayozungumzwa hapa ina njia mbili: njia ya kupanda, ambamo ruta husema na mnara husikiliza, na njia ya kushuka, ambamo mnara husema na ruta husikiliza. Katika bendi ya 1800, ambayo kitaalamu ni bendi ya 3, ruta husema kati ya megahezi 1710 na 1785, na mnara husema kati ya 1805 na 1880. Katika bendi ya 2100, yaani bendi ya 1, ambayo huku hutumika sana kwa kizazi cha tatu, ruta husema kati ya 1920 na 1980, na mnara husema kati ya 2110 na 2170. Sasa ilinganishwe bendi ya 4 ya Kimarekani: ruta husema kati ya 1710 na 1755, ilhali mnara husema kati ya 2110 na 2155.

Msomaji ataona mara moja kilichotokea. Bendi ya 4 imechukua mdomo wa bendi ya 3 na masikio ya bendi ya 1. Ruta iliyojengwa kwa ajili yake husema mahali ambapo minara ya 1800 husikiliza, lakini hungoja jibu mahali ambapo minara ya 2100 husema. Kila nusu yake ina mwenzake hapa Afrika; hakuna mnara hata mmoja wenye nusu zote mbili pamoja. Mnunuzi aonaye maneno 1700/2100 kwenye sanduku, akijua kwamba mtandao wake unatumia 2100, hudhani amepata. Amepata nusu, na nusu katika mazungumzo ya redio ni sawa na kutopata.

Bendi nyingine za Kimarekani nazo zina ukaribu wa kupotosha. Bendi ya 13, ambayo Verizon iliijengea LTE yake, hushuka kati ya megahezi 746 na 756. Bendi ya 20 ya Ulaya na Afrika huanza kushuka kwenye 791. Kwa jicho la mwenye duka, 700 na 800 ni majirani. Kwa kichujio ni nchi mbili.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kila ruta ya Marekani ni takataka. Kampuni kadhaa za huko ziliagiza ruta zenye bendi za nchi nyingine pia, ili wateja wao wazitumie safarini, na hizo hufanya kazi Lubumbashi vizuri mara zikiondolewa kufuli. Kadhalika ruta za zamani za kizazi cha tatu, zilizokosa kazi Marekani kampuni za huko zilipozima mitandao yao ya kizazi hicho mwaka 2022, mara nyingi zina megahezi 2100 pamoja na 850 na 1900. Kinachotupwa kule kinaweza kupata maisha huku, ingawa kwa mwendo wa polepole.

Kuna pia hali ya tatu, inayotatiza mgawanyo uliowekwa mwanzoni mwa makala haya. Mara nyingine mtengenezaji hutia ndani ya ruta vifaa vya bendi nyingi, kisha kwa ombi la kampuni inayonunua, programu huzizima baadhi yake. Hapo fundi hodari aweza kuziwasha tena. Katika hali hiyo kitenzi kinarudia haki yake, kwa sababu kuna mtu aliyefunga. Lakini fundi asemaye kwamba ataifungua bendi ya 3 aonyeshe kwanza kwamba bendi hiyo imo. Ushahidi wake ni jina kamili la modeli. Mathalani, Huawei E5577 ilitolewa kwa matoleo mengi yanayofanana kabisa kwa sura, na tofauti ya bendi zake imo katika herufi na namba za mwisho tu, zile zilizochapishwa kwa maandishi madogo chini ya betri na ambazo muuzaji hazitaji.

Jina moja, nchi mbili

Si kila ruta ya kigeni inayofika Lubumbashi imevuka bahari. Nyingine hupita njia ya malori: kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, kuvuka hadi Nakonde, kuipita Zambia yote, na kuingia Kongo kwa Kasumbalesa, yapata kilomita 90 kutoka mjini. Hizi zina masikio ya kanda ile ile ya kwanza, na kwa kawaida hazina shida ya bendi. Shida yao ni kufuli, nayo ina hila yake.

Mnunuzi huona nembo ya Airtel au ya Vodacom juu ya kisanduku, akakumbuka kwamba kadi yake ya Lubumbashi ina nembo hiyo hiyo, akafikiri kwamba kufuli haitamhusu. Lakini kufuli haisomi nembo. Airtel ya Zambia huanza na 645 na Airtel ya Kongo huanza na 630. Vodacom ya Tanzania ni 640 na ya Kongo ni 630. Mbele ya ruta hao si ndugu wala jirani. Jambo hili huwashangaza watu zaidi kuliko habari ya masafa, labda kwa sababu kampuni zenyewe hutangaza kwamba ni familia moja. Majina, kwa vyovyote, hayadumu: mtandao ulioitwa Celtel ukaitwa Zain, na tangu mwaka 2010 ukaitwa Airtel, huku namba ya nchi ikibaki pale pale.

Mfanyabiashara wa Golf aendaye Kasumbalesa na ruta yake hukutana na swali jingine tena. Akivuka, kadi yake ya Kongo huwa mgeni katika mtandao wa Zambia, na ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimekatazwa kutumia intanati ya ugenini mpaka mwenyewe aruhusu katika ukurasa wa mipangilio. Katazo hilo lina hekima, kwa maana malipo ya ugenini huhesabiwa kwa bei tofauti kabisa na ya nyumbani. Tena mawimbi hayana pasipoti: mtu aliye upande wa Kongo karibu na mpaka aweza kushikwa na mnara wa Zambia kwa kuwa ndio wenye nguvu zaidi hapo aliposimama. Anayekaa siku nyingi ng'ambo ya mpaka hufanya vema kununua kadi ya huko na kuiandikisha kwa jina lake, na anayebaki upande huu auchague mtandao wake kwa mkono, asiiachie ruta ichague yenyewe.

Yanayobaki

Ruta iliyofunguliwa na yenye bendi zinazofaa huweza bado kukaa kimya kwa sababu ya jina la lango la intaneti, linaloitwa APN kwa kifupi. Ruta iliyotoka katika mtandao mwingine hubaki na jina la lango la kule, nayo hubisha hodi katika mlango usiokuwapo. Jina sahihi hutolewa na kampuni ya simu yenyewe, na huandikwa katika ukurasa wa mipangilio ya ruta. Ruta ya Japani yaweza kumwonyesha mtumiaji ukurasa huo kwa Kijapani kitupu. Picha za vitufe zikilinganishwa na za ruta ya Kiingereza au ya Kifaransa ya modeli hiyo hiyo, kazi hupungua.

Umeme hauna maneno mengi. Umeme wa Kongo ni volti 220, wa Marekani 120, na wa Japani 100. Chaja iliyoandikwa 100–240 ni salama, inahitaji kichwa cha kuunganishia tu. Iliyoandikwa 100 au 120 pekee itaungua mara ya kwanza. Katika mji unaokatiwa umeme mara kwa mara, ruta ndogo yenye betri yake ina faida ambayo ndugu wa ng'ambo hawezi kuikumbuka.

Kuhusu msamiati, yafaa kuangalia namna watu wa Lubumbashi wanavyolizungumzia jambo hili, kwa sababu katika sehemu moja wako mbele ya Kiswahili sanifu. Sanifu hutumia neno mtandao kwa ajili ya mawimbi ya simu na pia kwa ajili ya intaneti, hata mtu alazimike kusema kwamba mtandao upo lakini mtandao haupo. Msemaji wa Lubumbashi, kwa maneno aliyoyatoa katika Kifaransa, husema kwamba rezo iko lakini koneksio hakuna, na fundi humwelewa mara moja: ruta inasikia mnara, kosa liko kwenye jina la lango au kwenye mega zilizokwisha. Kinyume chake, rezo isipokuwapo kabisa baada ya kufungua, kosa ni la bendi, au ruta imewekwa nyuma ya ukuta mnene. Nyumba nyingi za Golf zina kuta za aina hiyo, na ruta hiyo hiyo ikihamishiwa dirishani hubadilika tabia.

Lakini palipo na upungufu, mjini Lubumbashi kama Dar es Salaam, ni kwenye kitenzi kile cha mwanzo. Pendekezo linaloweza kutolewa hapa halihitaji neno jipya la kamati. Kufungua kibaki kwa ajili ya kufuli, na kwa ajili ya bendi kitumike kitenzi ambacho kila mtu anacho: kusikia. Mnunuzi mbele ya kisanduku aulize mambo mawili badala ya moja: je, imefunguliwa? na je, inasikia 1800? Bendi hiyo imetajwa kwanza kwa sababu ndiyo iliyoenea kuliko nyingine zote katika mitandao ya LTE duniani. Kisha aulize 800 na 2600, baada ya kujua kutoka kwa kampuni yake ya simu ni zipi zinazotumika katika mtaa wake. Muuzaji anayejua kazi yake atajibu kwa kuonyesha maandishi madogo chini ya betri. Anayejibu swali la pili kwa jibu la kwanza, yaani kwamba itafunguliwa tu, amekwisha kujieleza.

Kijana wa Golf, kwa upande wake, hana haja ya kuitupa ruta yake kiziwi. Ikiwa nyuma yake ina tundu la waya wa mtandao, na programu yake inaruhusu tundu hilo kupokea intaneti kutoka nje, yaweza kuunganishwa na chombo kingine kinachosikia mnara, kisha ikaigawa intaneti hiyo kwa Wi-Fi. Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 gigahezi ni yale yale Marekani na Kongo, na katika hayo ruta yake inasikia vizuri kabisa.